Busta Moja kwa Ploti Nzima

Kabiro, Kawangware
Jioni, kabla hujasafiri

Kwako Nekesa,

Mama yako haji Jumamosi. Naanza na hilo kwa sababu nikiliacha mwisho nitalizungukazunguka mpaka karatasi iishe, na wewe unanijua. Hakuwahi kusema atakuja. Aliyesema ni mimi, Jumapili ile uliporudi kutoka kanisani ukaketi kitandani na viatu vyako mguuni, ukaniambia, "Baba, mimi siendi. Nimefikiria sana, siendi. Utabaki na nani hapa?" Niliona hutanii, nikaogopa. Nikajibu harakaharaka kwamba mambo yameshapangwa, nimeongea na mama yako kwa simu, anakuja kukaa nami. Ulicheka na kulia kwa wakati mmoja. Kesho yake ukaanza kukunja nguo.

Barua hii nitaificha ndani ya kile kitabu chako kinene cha hesabu, kwa kuwa najua ndani ya ndege utakifungua tu, hata kama ni kumwonyesha jirani kwamba unakielewa. Utakuwa juu mahali ambapo huwezi kumwambia mtu akushushe. Nimelipanga hivyo kwa makusudi, na ukikasirika una haki.

Sasa hivi umeenda Riruta kuwaaga wenzako wa kwaya. Sanduku lako liko kando ya meza, limefungwa kamba mara mbili, na mimi naandikia juu ya meza ile ile ya kazi, katikati ya redio za watu. Mambo ya sweta, ya pasipoti, ya kutoshikia mtu usiyemjua mzigo wake, Mama Otieno wa mlango wa pili amekuimbia wiki nzima na mimi sina la kuongeza. Nataka kukuambia ya upande wangu, kwa sababu nikijaribu kuyasema kwa mdomo huwa naishia kuuliza kama umekula.

Nilifika Nairobi nikiwa na umri kama wako. Mama yako nilimwacha nyumbani Kimilili, wewe ukiwa bado tumboni. Nilimwambia nikishapata chumba cha maana nitamwita. Chumba nilichopata Gatwekera kilikuwa cha udongo na mabati, na mlango ukifunguka unagonga kitanda. Kodi ya mtu mmoja na ya watu wawili ni ile ile, hilo nililijua. Lakini nikapiga hesabu ya unga, ya mafuta ya taa, ya maji ya kununua, ya nauli ya kwenda nyumbani tukiwa watatu, nikaona ni nafuu abaki. Wanaume wote niliotembea nao asubuhi kwenda Industrial Area kutafuta kibarua walikuwa wamepiga hesabu hiyo hiyo. Njiani tulizungumza habari za wake zetu tukiuliza kama mvua imenyesha na mahindi yamefika wapi. Hakuna aliyeona ajabu. Ukiona mtu ameleta mke Gatwekera ulimhurumia, ukasema huyo hatajenga nyumbani.

Baadaye nikaacha kibarua, nikajifunza redio, kisha TV, nikahamia huku Kabiro kwa sababu ya stima ya kuwashia mashine. Hata hapo sikumwita. Nilikuwa nimeshazoea kusema "mwaka ujao", na yeye alikuwa ameacha kuuliza. Ulipomaliza shule ya msingi akakutuma wewe uje usome huku. Alikufungashia kuku na begi la mahindi, akakupandisha gari, yeye akabaki. Nilikupokea stendi na sikukujua vizuri. Nilikuuliza kama wewe ndiye Nekesa, ukasema ndiyo, na tukatembea hadi hapa, mimi mbele nimebeba begi la mahindi. Nilikuwa baba yako na nilikuwa naona haya kukushika mkono.

Tuje kwa ile busta, kwa sababu najua hiyo ndiyo unayoipenda, na hao wa huko uendako umeshawaandikia habari zake mara nyingi kuliko nilivyoisimulia mimi.

Wewe unakumbuka kicheko. Mimi nakumbuka aibu. Lile ghorofa la jirani lilipomalizika kujengwa, likaziba upande wote wa mnara wa TV, na TV za wapangaji wote wa ploti yetu zikaanza kuonyesha punje nyeupe tu. Kila mpangaji akafunga antena yake ya vifuniko vya sufuria na mabomba ya alumini, nyingine nimezitengeneza mimi mwenyewe, paa likajaa miti. Bado hakuna picha. Kila mmoja akaanza kutafuta busta, hicho kidude cha kuongeza nguvu ya mawimbi, na busta nzuri wakati ule ilikuwa ghali kuliko TV zenyewe. Ndipo nikasimama uani nikawaambia waache upumbavu. Tuchukue antena nne zilizo bora, tuziunganishe, nguvu zake zikusanyike, zipite kwenye busta moja tu, halafu tugawane kwa waya hadi kila chumba. Walinipigia makofi. Baba Otieno akasema, "Fundi, wewe ni kichwa. Wacha tuchange leo leo."

Nilifanya kazi ile kwa majivuno. Kila antena niliikatia waya wa kuitosha na si zaidi. Iliyo karibu na busta nikaipa kipande kifupi, iliyo mwisho wa paa nikaipa kirefu. Hakuna hata shubiri iliyopotea, na nilihakikisha kila mtu ameona kwamba haikupotea. Tukawasha. Picha ilikuwa mbaya kuliko ya antena moja.

"Fundi," Baba Otieno akaniuliza mbele ya watu, "hii ni TV ama umetuletea simsim?"

Nikabadilisha busta. Nikalehemu upya. Nikasema ghorofa ndilo tatizo, nikasema stima ni hafifu, nikamlaumu hata mwenye ploti. Wewe ulikuwa Form Three, ukapanda juu ukakata antena moja, picha ikatulia kidogo. Ukakata ya pili, ikatulia zaidi. Ukashuka ukaniambia, "Baba, si hizi zinafika moja moja? Huyu ameshaimba, mwingine ndio anaanza. Zinapigana." Ukasema waya zote ziwe na urefu mmoja, sawa na ile ndefu kuliko zote, na antena tuzipange mstari mmoja zikitazama mnara.

Nilikuelewa mara moja. Ndiyo maana nilikasirika. Nilikuelewa, na bado nikakataa, kwa sababu antena ya karibu ilikuwa inafika na kipande kifupi, na wewe ulitaka niipe waya ndefu halafu ile ya ziada niifunge duara, ikae tu juu ya mabati bila kwenda popote. Kwangu huo ulikuwa uharibifu wa mali. Nilikuambia fundi hafanyi kazi ya kitajiri. Hukunijibu siku kadhaa, ukipika unapakua unaenda kusoma kwa Mama Otieno, na chumba kikawa vile kilivyokuwa kabla hujaja.

Hicho ndicho kilichonipandisha paani, Nekesa. Watu hudhani ni hesabu. Ilikuwa ni ule ukimya. Nilinunua waya, nikaziongeza zote zikalingana, nikazikunja duara zile za ziada na kuzifunga kwa mpira wa baiskeli. Nilipowasha, mtangazaji alitokea hadi vifungo vya shati lake vikaonekana. Ploti ilipiga kelele watu wakatoka hadi barabarani. Wewe ulikuwa mlangoni umefunga mikono, ukaniambia tu, "Si nilikushow?"

Halafu ukaja ule mchezo wako. Uliongeza kipande kidogo cha waya kwenye antena ya kwanza, kikubwa kidogo kwenye ya pili, na kuendelea hivyo hadi ya mwisho, na stesheni nyingine ya upande wa pili ikaingia bila mtu kugusa antena hata moja. Antena zilikaa pale pale zikitazama pale pale, lakini masikio yao yaligeuka. Uliruka ruka juu ya mabati mpaka mwenye ploti akatishia kutufukuza. Mimi nilikuwa nimeshika ngazi chini na nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi katika mji huu. Sikukuambia. Nilikuambia ushuke utaanguka.

Juzi ulinieleza utakachosomea huko chuoni ng'ambo, ukanichorea nyuma ya kalenda. Mawimbi ya milimita, mafupi kuliko punje ya mahindi. Kwa kuwa ni mafupi, antena zake ni ndogo, mamia yanakaa kwenye kibao cha ukubwa wa kiberiti. Lakini ni mawimbi yanayochoka upesi, ukuta unayazuia, hata kiganja kinayazuia, kwa hiyo lazima antena ziwe nyingi zikusanye kidogo kidogo. Na kila kiantena kikidai mashine yake nyuma yake, hakuna mtu wa kawaida atakayeweza kununua kitu hicho. "Kwa hivyo tunataka antena nyingi zishare mashine chache," ukasema. "Na katikati tunaweka vitu bei ya chini vya kuchelewesha wimbi. Ni ploti yetu tu, Baba. Imekuwa ndogo."

Nilikuuliza kwa nini wasitumie mashine moja tu, kama sisi. Ukaniangalia ukacheka. "Umesahau ile vita ya mpira?"

Sijasahau. Busta ikiwa moja, ploti nzima inasikiliza upande mmoja. Baba Otieno anataka mpira wa stesheni hii, wamama wanataka mchezo wa kuigiza wa stesheni ile, na mtu akipanda kubadilisha waya anashuka na matusi. Mara ya kwanza mlango ulipovunjwa kwa ugomvi huo ndipo nikakubali tununue ya pili. Sio moja, sio ya kila mtu, ni chache. Uliniambia huko wazungu wako wanagombana juu ya hilo hilo, chache ni ngapi, na kwamba pengine utamaliza miaka yako yote ukitafuta jibu. Ulisema kwa furaha. Sijawahi kumwona mtu akifurahia kugombana namna ile.

Tangu uniambie hayo nimekuwa nikiwaza. Mimi nilikuwa mtu wa kupunguza mpaka kibaki kimoja. Chumba kimoja, taa moja, safari moja ya nyumbani kwa mwaka. Nilijiona mwerevu. Ningeweza kupunguza vitu vingine vyote nikamwacha mama yako mahali pake, yaani hapa, lakini yeye ndiye niliyeanza kumpunguza. Watu wa kwetu wote walifanya hivyo, na sasa tunazeeka, na kila mmoja wetu ana nyumba ya matofali huko nyumbani ambamo analala kama hotelini wakati wa Krismasi. Sikuandikii hili ili unionee huruma. Nakuandikia kwa sababu nimekuona ukikunja nguo, na umekunja vizuri kama mimi, unabana, unabana, unataka kila kitu kiingie kwenye sanduku dogo. Utakuwa hodari wa kupunguza. Nina hakika watakusifu kwa hilo. Ila wakati wa kuchagua cha kupunguza, uwe mkali, usichague kile ambacho hakilalamiki.

Nitakuambia sasa ile simu ilivyokuwa, neno kwa neno ninavyokumbuka, kwa sababu uliniuliza na nikakudanganya.

Jumatatu, nikitaka uongo wa Jumapili uwe kweli, nilikuaga kwamba naenda kumpigia tena, nikapiga kutoka kibanda cha simu pale sokoni. Nilipiga duka la soko la kwetu, nikaomba mtoto atumwe akamwite mama yako, nikakata, nikangoja, nikapiga tena. Nilisikia anahema, alikuwa amekimbia. Kitu cha kwanza aliuliza ni, "Nekesa yuko sawa?"

Nikasema uko sawa, unaenda.

"Basi ni nani amekufa?"

Nikasema hakuna aliyekufa. Nikamwambia nataka aje kukaa Nairobi.

"Nije huko kufanya nini, Baba Nekesa?"

Nikasema, kukaa tu. Nikasema chumba sasa ni kikubwa, kuna stima, kuna TV. Niliitaja TV, mwanangu. Nilikuwa na mke wangu kwenye simu, nikaanza kumwelezea picha ilivyo safi.

"Mtoto akiwa huko hukunihitaji," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Sasa anaenda, ndio umekumbuka kuna mtu. Mimi hapa nina ng'ombe, nina kikundi chetu cha kina mama, nina shamba. Watu wananijua. Huko nitamjua nani? Wewe?"

Nikasema ndiyo, mimi.

Akacheka kidogo. "Wewe mwenyewe sikujui. Kila Krismasi unakuja na mkate na sukari, unakaa kwenye kile kiti cha kitambaa, ninakuchinjia kuku, watoto wa jirani wanakuja kukutazama. Halafu unaenda. Miaka yote hiyo."

Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa najenga, kwamba ile nyumba ni mimi, na karo zako ni mimi. Lakini alijua hayo yote. Mashine ikaanza kulia ikitaka sarafu nyingine, nikazitupa zote nilizokuwa nazo, na yeye akaniambia hivi: "Mimi siji. Kama unataka mtu, barabara unaijua. Lakini usije kama mgeni. Mgeni nimechoka kumpikia." Simu ikakatika.

Nilirudi nikapita nyuma ya ploti, nikakaa kule bombani mpaka uso ukatulia. Ulikuwa unaosha vyombo. Ukaniuliza, "Mathe amesema aje?" Nikasema amefurahi sana. Umeona sasa.

Ukiwa hapa, Nekesa, sikuwahi kugundua kwamba niko peke yangu. Nilidhani nimezoea. Ni wiki hii, nikitazama kitanda chako kikivuliwa shuka, ndipo nimejua kwamba upweke ulikuwa umenikalia muda wote, na wewe ulikuwa umeufunika. Mara mbili wiki hii nilitaka kukuambia ubaki. Mara ya pili nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ukaniuliza, "Nini, Baba?" nikasema chumvi imeisha, ukaenda dukani, na chumvi ilikuwa imejaa kopo. Ungebaki. Hiyo ndiyo hofu yangu, kwamba ungebaki na ungesema hukosi kitu, na mama yako pia alisema hivyo hivyo siku nilipomwacha.

Kwa hiyo usigeuze safari. Usiandike kwamba unarudi. Ukirudi kwa sababu umemaliza, nitakuwa wa kwanza uwanjani. Ukirudi kwa sababu yangu, sitakufungulia mlango, na unajua naweza.

Jumamosi ile niliyokuambia mama yako atafika, nitapanda gari mimi. Redio zilizokwisha kutengenezwa nimewarudishia wenyewe, na zisizokwisha nitamwachia Baba Otieno. Amenitania kwamba narudi kuposa uzeeni. Sikumkatalia. Chumba nimemwambia mwenye ploti nitampa jibu nikirudi, kama nitarudi. Sitabeba mkate wala sukari. Nimefikiria hata nisivae lile koti la Krismasi.

Njia nzima naijua, kila mlima na kila kituo, hadi pale kwenye mikalitusi, hadi kwenye uzio alioufunga mwenyewe. Nitafika jioni, wakati anakamua. Hadi hapo naona vizuri. Nisichokijua ni mlangoni. Mgeni husimama nje akapiga hodi, akangoja akaribishwe. Mwenye nyumba huingia tu. Nimekaa hapa jioni yote na kalamu, na bado sijui nikifika pale nifanye lipi.

Baba yako